Tamasha la Julai Dodoma: shajara ya misimu mitatu ya mwanzo

Shajara hii inatunzwa na waratibu na mafundi wa tamasha dogo la muziki linalofanyika kila Julai upande wa mashariki wa Jiji la Dodoma. Uwanja ni tambarare ya tifutifu jekundu, mita 60 kwa 45, bila uzio wa kudumu na bila kivuli cha maana. Alasiri ni zamu ya ngoma za asili kutoka Chamwino, Bahi, Kongwa, Mpwapwa na Kondoa. Usiku ni bendi, kwaya na wasanii wa bongo fleva.

Anayesoma kumbukumbu hizi kwa mfululizo ataona kwamba karibu kila tulichobadilisha kina chanzo kimoja. Mitambo ilikodiwa na kupangwa kwa ajili ya bendi, kisha zeze, ilimba (chombo cha vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba) na muheme (ngoma ya wanawake wa Kigogo) vikatakiwa vijibane humo humo. Kazi ya misimu hii imekuwa kugeuza mpango huo: kiwanja na mitambo vifuate ngoma.

KABLA YA MSIMU WA KWANZA: TAREHE NA VIBALI

Nafasi katika kalenda ni finyu. Bunge la Bajeti huanza Aprili na kumalizika mwisho wa Juni, na hadi hapo vyumba vya kulala wageni vya bei nafuu havipatikani. Kuanzia Agosti mosi maonyesho ya Nanenane yanaishika Nzuguni pamoja na mahema, viti, jenereta na spika za kukodi za mji mzima. Kinachobaki ni wiki ya pili na ya tatu ya Julai.

Majira hayo yanafaa pia kwa vikundi vya vijijini, kwa sababu mtama na uwele vimeshavunwa. Mvua haina nafasi: Dodoma ina msimu mmoja tu wa mvua, Desemba hadi Aprili. Tunacholipia ni upepo wa mashariki, vumbi, na baridi ya kipupwe. Jiji liko takribani mita 1,120 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Julai joto hushuka hadi nyuzi 14 na wakati mwingine chini ya hapo.

Vibali: Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA) kupitia ofisi ya utamaduni ya jiji, polisi, ukaguzi wa Zimamoto, na leseni ya hakimiliki kwa ajili ya nyimbo za wengine zitakazopigwa na bendi. Orodha ya nyimbo iombwe kwa bendi mapema pamoja na majina ya watunzi. Bendi zikiachwa hadi wiki ya tamasha, orodha inakuja nusu.

Hatukuanza gizani. Chamwino Ikulu kumekuwa na tamasha la muziki wa Cigogo, yaani wa Wagogo, tangu 2009, na vikundi vingi tulivyoalika vilikwishazoea kutumbuiza hadhara kubwa. Walichokuwa hawajazoea ni jukwaa la mbao na ukuta wa spika.

MSIMU WA KWANZA: JUKWAA NA UPEPO

Jukwaa lilikuwa mita 10 kwa 8, kimo mita 1.2, limewekwa magharibi mwa uwanja likitazama mashariki, kwa kuwa lango liko mashariki na ilionekana vizuri mtu aingiapo akutane na jukwaa uso kwa uso. Upepo ukawa unavuma kutoka kwa watazamaji kwenda jukwaani. Sauti inayokwenda kinyume cha upepo hupinda kuelekea juu, kwa sababu upepo huwa na kasi ndogo karibu na ardhi na kasi kubwa juu yake. Kuanzia mita 40 hivi kutoka jukwaani, besi ilisikika lakini maneno yalipotea. Kuongeza sauti hakukusaidia. Waliokaa mbele ndio walioumia masikio.

Hewa kavu inaongeza tatizo. Unyevu unaposhuka chini ya asilimia 40, kama ilivyo kawaida mchana wa Julai, sauti nyembamba za kilohezi 8 na kuendelea hupoteza zaidi ya desibeli 1 kila mita 10, juu ya ule upungufu wa kawaida wa umbali. Konsonanti kali za mwimbaji, kama s, zinafika huko huko juu. Ndiyo maana mtu wa nyuma anasikia wimbo lakini hapati ujumbe.

Pazia la nyuma lilikuwa turubai la plastiki la mita 8 kwa 4. Hesabu yake ni hii, na inafaa kila mwenye kujenga jukwaa Dodoma aifanye kabla ya kufunga kamba. Msukumo wa upepo kwa kila mita ya mraba, kwa nyutoni, ni 0.61 mara kasi mara kasi. Upepo wa mita 15 kwa sekunde unatoa takribani nyutoni 138 kwa mita ya mraba. Kwa mita 32 za mraba ni nyutoni 4,400, sawa na uzito wa kilo 450 unaosukuma fremu ya juu ya jukwaa. Kasi ikipanda hadi mita 20, msukumo unakaribia kilo 800. Mifuko michache ya mchanga miguuni mwa fremu haitoshi, na kutoboa matundu kwenye turubai kunapunguza kidogo sana. Alasiri ya siku ya kwanza fremu ilianza kuyumba, pazia likashushwa, na programu ikaendelea bila pazia.

MSIMU WA KWANZA: NGOMA JUU YA MBAO

Kikundi cha muheme kina watu 20 hadi 25. Wanawake hupiga ngoma wakiwa wamezibana mapajani, wameziinamisha mbele, na wanahitaji kumwona kiongozi kwa sababu mabadiliko ya mdundo yanatolewa kwa ishara ya mwili. Juu ya jukwaa walipangwa mstari mmoja kuwatazama watu. Wa pembeni hawakumwona kiongozi, hivyo kiitikio kikachelewa.

Mbao nazo zilikuwa zinanguruma. Jukwaa lenye uwazi chini ni kama ngoma nyingine kubwa: kila kishindo cha mguu kilipanda kwenye stendi za maiki, na fundi sauti akalazimika kukata besi yote chini ya hezi 120. Ngoma zikabaki zikisikika kama makopo.

Zeze na ilimba vilipata shida ya namna nyingine. Sauti yake ni ndogo, kwa hiyo maiki inafunguliwa sana, na monita (spika inayomtazama mwanamuziki ili ajisikie) iliyo mita 2 mbele inairudisha sauti kwenye maiki hiyo hiyo hadi inalia. Maiki za kuimbia ziliwekwa nusu mita kutoka kwenye chombo, umbali mkubwa mno kwa zeze. Ilimba ina tundu lililozibwa kwa utando wa buibui ili itoe ule mvumo wake wa kukwaruza. Fundi asiyeijua alidhani waya umeharibika, akakata sauti za juu ili kuuondoa mvumo huo. Huo mvumo ni sehemu ya muziki, na sasa fundi yeyote anayekuja anaelezwa hivyo kabla hajagusa mikisa.

MSIMU WA KWANZA: UMEME

Tulianza na umeme wa gridi wa fezi moja kutoka jengo la jirani, kwa waya wa milimita 2.5 za mraba wenye urefu wa mita 50. Waya huo ukibeba ampea 16 hupoteza takribani volti 12. Jioni, gridi yenyewe ilipokuwa volti 205, amplifaya zilipata 193. Zilikuwa zikijizima kila besi ilipopiga kwa nguvu, kisha zinajiwasha. Waya wa milimita 10 za mraba kwa umbali na mzigo ule ule hupoteza volti 3 tu.

Taa na sauti zilikuwa kwenye laini moja, hivyo spika zilinguruma kila taa zilipopunguzwa. Waimbaji walilalamika kwamba maiki zinawachoma midomo. Nondo ya ethi, ya kupeleka ardhini umeme unaovuja, ilikuwa moja, ya mita 1.5, ndani ya tifutifu kavu ya Julai. Ilipopimwa ilizidi omu 200. Udongo uliokauka haupitishi umeme ipasavyo, na nondo iliyopimwa Machi wakati wa mvua inadanganya.

MSIMU WA PILI: KUHAMISHA JUKWAA

Jukwaa lilihamishiwa kona ya kusini-mashariki, likitazama kaskazini-magharibi. Upepo sasa unatoka nyuma ya jukwaa na kwenda na sauti kwa watu. Mabadiliko haya peke yake yalirudisha maneno ya nyimbo hadi mwisho wa uwanja, bila kuongeza spika hata moja.

Kuna gharama yake. Mwezi Julai jua la Dodoma huzama kaskazini kidogo ya magharibi, karibu saa 12:35 jioni, kwa hiyo kuanzia saa 11 linampiga msanii usoni. Tumekubali: hakuna onyesho linalopanda jukwaani kabla ya saa 12:40. Muda wa kabla ya hapo ni wa ngoma, nazo hazipo jukwaani tena.

Kimo cha jukwaa kilishushwa hadi sentimita 80. Pazia la plastiki liliondolewa, badala yake ukawekwa wavu wa kivuli, ule unaotumika kwenye vitalu vya miche, unaopitisha upepo. Fremu imefungwa kwa kamba 4 kwenye mapipa ya lita 200 yaliyojaa mchanga, na kila pipa likijazwa mchanga mkavu huzidi kilo 300. Kipima upepo kipo juu ya fremu. Kasi ikifika mita 10 kwa sekunde, wavu unashushwa. Ikifika 15, watu wote wanashuka jukwaani na spika za juu zinateremshwa. Anayetoa amri ni mmoja, fundi jukwaa, na mratibu haruhusiwi kumbishia. Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa unasomwa asubuhi na mchana.

MSIMU WA PILI: UWANJA WA NGOMA

Hii ndiyo kazi tunayoithamini kuliko zote. Katikati ya kiwanja kilichorwa duara la kipenyo cha mita 14, watazamaji wakalizunguka. Ni takribani mita 154 za mraba, na linatosha wachezaji 25, ngoma zao, na nafasi ya kuruka wale wa nindo na msunyunho, aina nyingine za ngoma za Kigogo.

Sakafu ilianza na moramu iliyoshindiliwa, ikakataliwa na wachezaji wenyewe: wanacheza pekupeku na changarawe inawakata. Wazee wa Chamwino walishauri udongo wa kichuguu, kama unaotumika kwenye uwanja wa kupuria nafaka. Hatua zilizofanya kazi ni hizi. Kwangua tifutifu ya juu sentimita 7. Jaza udongo wa kichuguu uliopondwa na kuchekechwa, takribani mita za ujazo 11, yaani tripu mbili za tipa dogo. Mwagia maji hadi ushikane mkononi bila kunata. Shindilia kwa vipande vya gogo kuanzia katikati kwenda nje. Funika kwa magunia yenye unyevu siku mbili, kisha uache ukauke siku tano. Ukikausha juani moja kwa moja unapasuka, na nyufa ndizo zinazotoa vumbi baadaye. Sakafu hii haitoi vumbi kwa saa tatu za kucheza mfululizo, na kishindo cha mguu kinasikika kama kishindo cha mguu.

Sauti ya duara inapangwa tofauti na ya jukwaa. Spika ndogo 4 zimesimamishwa ukingoni zikitazama nje kwa watu, migongo yake ikiwa kwa wachezaji. Maiki zipo ndani zikitazama katikati, kwa hiyo kila maiki iko nyuma ya spika, mahali ambapo sauti ya spika ni hafifu. Hatuhitaji monita, maana wachezaji wanasikiana wao kwa wao kama walivyozoea. Ngoma zinapewa maiki mbili tu kwenye stendi fupi za sentimita 30. Zenyewe zina nguvu, na kosa la kawaida ni kuzipa maiki nyingi. Zeze linabandikwa maiki ndogo ya klipu kwenye kibuyu. Ilimba inapewa maiki ya kondensa sentimita 15 kutoka kwenye tundu, kwa pembeni, ikiwa na sponji nene ya kuzuia upepo, na sauti zilizo chini ya hezi 80 zimekatwa. Kiongozi wa wimbo anavaa maiki ya kichwani isiyo na waya. Betri hubadilishwa kila kikundi cha tatu, hata kama taa bado ni ya kijani.

Hukwe Zawose, mwana wa Dodoma aliyefariki mwaka 2003, alivifikisha zeze na ilimba kwenye majukwaa makubwa ya dunia. Vyombo hivi vinaweza kujaza uwanja wowote. Kilichokuwa kinakosekana kwetu kilikuwa mikononi mwa mafundi.

MSIMU WA PILI: JENERETA, ETHI, VUMBI

Jenereta ya kVA 60 ilikodiwa, ya fezi tatu: sauti fezi moja, taa fezi ya pili, vibanda vya chakula na majokofu fezi ya tatu. Mzigo wote haukuzidi kilowati 30 na dizeli ilikwenda lita 9 hadi 11 kwa saa. Lita 150 kwa siku zinatosha na akiba. Kichujio cha hewa kinapulizwa kila asubuhi, maana vumbi la hapa linakiziba haraka na injini inaanza kutoa moshi mweusi. Jenereta ipo upande wa kaskazini-magharibi, mwisho wa uwanja, ili upepo uchukue mngurumo na moshi mbali na watu.

Ethi: nondo mbili za mita 2.4, umbali wa mita 3 kati yake, zikimwagiwa maji siku tatu kabla. Kipimo kilishuka chini ya omu 50. Kila njia ya umeme ina swichi ya kukata inapogundua mvujo wa miliampea 30. Hapa kuna jambo ambalo mafundi wengi wa jenereta wanaliruka: nyutro ya jenereta (njia ya kurudisha umeme) lazima iunganishwe na ethi kwenye jenereta yenyewe. Isipounganishwa, swichi ya mvujo ipo kwa sura tu, haitakata mtu akiguswa na umeme. Tunaijaribu kwa kipimo, mbele ya fundi jukwaa, kabla maiki ya kwanza haijawashwa.

Vumbi la eneo la watazamaji linatulizwa kwa maji, lita 2 kwa mita ya mraba, kama lita 4,800 kwa sehemu yote wanayosimama watu. Boza moja la lita 5,000 linamaliza kazi saa 8:30 mchana. Likimwagwa asubuhi linakauka kabla watu hawajafika. Likizidi lita 3 kwa mita ya mraba linaleta tope, na tope likikanyagwa linakuwa vumbi baya zaidi siku inayofuata. Mama lishe wamepangwa ubavu wa kaskazini, moshi wa mishkaki upeperuke nje ya uwanja.

MSIMU WA TATU: ZEZE NA GITAA

Vikundi viwili vilitaka kupiga pamoja na bendi. Mazoezi ya kwanza yalikwama kwa sababu kinanda na ilimba havikukubaliana. Sauti za Wagogo hufuata mfululizo wa sauti asilia zinazotoka kwenye uzi mmoja. Ukizipima dhidi ya kinanda, ambacho nusu-toni yake moja ni senti 100, sauti ya tatu iko chini kwa senti 14 hivi na ya saba iko chini kwa senti 31, karibu theluthi ya nusu-toni. Sikio lolote linasikia hapo pana mvutano.

Wapo waliopendekeza vyuma vya ilimba visogezwe vifuate kinanda. Tulikataa. Ilimba ikisogezwa inaachana na koo za waimbaji wote waliolelewa nayo. Badala yake tulifuata njia mbili. Vinanda vingi vinavyotumika kwenye taarabu vina uwezo wa kurekebisha kila noti peke yake, kwa hiyo tulishusha ya tatu kwa senti 14 na ya saba kwa senti 31, baada ya kutafuta sauti ya msingi ya ilimba na kusogeza kinanda kizima kifike hapo. Gitaa haliwezi hivyo, kwa hiyo lilipiga sauti ya msingi na ya tano tu. Besi ilifuata gitaa. Matokeo yalikuwa mazuri kuliko wimbo wowote wa kuchanganya tuliowahi kuusikia uwanjani hapa.

Jambo jingine la mwaka huo ni ngozi za ngoma. Mchana jua linazikaza lenyewe. Baada ya saa 12 jioni joto linashuka, unyevu unapanda, ngozi inalegea na mlio unazama. Sasa kuna sehemu ya kukanza ngoma: majiko matatu ya mkaa, mita 10 kutoka kwenye nyaya na turubai, ndoo mbili za mchanga na mtu mmoja wa kuyalinda. Ngoma inakaa nusu mita kutoka kwenye jiko na inazungushwa. Ikikaribishwa zaidi ngozi inachanika ukingoni.

MSIMU WA TATU: SPIKA ZA NYUMA NA KWAYA

Umati uliongezeka, ikabidi kuwe na jozi ya spika za nyuma mita 45 kutoka jukwaani. Usiku wa nyuzi 16 sauti husafiri mita 341 kwa sekunde, hivyo inachukua milisekunde 132 kufika hapo. Spika za nyuma zinacheleweshwa kwa muda huo na kuongezewa 12, jumla 144, ili sikio liamini sauti inatoka jukwaani. Zikiachwa bila kucheleweshwa, kila neno linasikika mara mbili.

Kwaya za hapa ni kubwa, waimbaji 30 na zaidi. Maiki 4 zinatosha: kila moja sentimita 60 mbele ya safu ya kwanza, juu kidogo ya vichwa vyao, na umbali wa mita 1.8 kati ya maiki na maiki. Ukizisogeza karibu zaidi sauti zinalana na kwaya inasikika kama iko ndani ya pipa.

Treni ya SGR, iliyozinduliwa rasmi hadi Dodoma Agosti mosi 2024, imebadilisha ratiba ya wasanii wa Dar es Salaam. Wanaweza kufika mchana wa siku ile ile, jambo linalopunguza gharama za kulala. Lakini nafasi zikatwe mapema, na kupima sauti kwa bendi za Dar kuhamishwe saa 10 jioni. Vikundi vya vijijini vinakuja kwa Coaster, na nusu ya malipo inatolewa vikishuka kwenye gari, kabla ya kitu kingine chochote.

KAZI ZA MSIMU WA NNE

Sakafu ya kichuguu imemomonyoka ukingo wa magharibi baada ya mvua, inahitaji tripu moja ya udongo mwishoni mwa Mei. Duara la pili, la mita 10, linapimwa kwa ajili ya vikundi vya watoto. Vyoo: mwaka jana kulikuwa na kimoja kwa kila watu 100, foleni ya wanawake ikawa ndefu mno; upande wao uongezwe mara mbili, na tanki la lita 5,000 la kunawia liwe lao peke yao. Mablanketi 10 kwenye hema la huduma ya kwanza kwa ajili ya wazee wa vikundi wanaosubiri usafiri usiku. Nondo za ethi zipimwe Juni, udongo ukishakauka. Jozi ya tatu ya maiki za klipu bado haijapatikana, na vikundi viwili vya Mpwapwa vimethibitisha kuja na mazeze manne kila kimoja.